Adabu ya Uwanja wa Shabaha

Kila mahali wakutanapo watu pana adabu yake. Msikitini pana adabu ya viatu na ya sauti. Msibani pana adabu ya kauli. Kisimani pana adabu ya zamu. Aghalabu adabu ikivunjwa hasara yake ni ndogo: mmoja huona haya, mwingine hununa, na siku ya tatu mambo yamesahauliwa. Lakini pana mahali ambapo mkosa adabu aweza kumwua mtu asiyemjua, naye hakukusudia, wala hakukasirika, wala hakulewa. Alisahau tu kwa nukta moja. Mahali hapo ni uwanja wa shabaha wa umma. Nataka kuandika juu ya adabu zake na kero zake, kwa sababu zimenionyesha jambo juu ya heshima ambalo malezi yangu hayakunionyesha.

Viwanja hivi ni vingi Marekani, nchi ambayo nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu chake kimoja. Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Tanzania, na utotoni bunduki niliiona begani mwa askari tu. Aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza ni jirani yangu, mzee aliyestaafu, ambaye aliona kuwa mtu aishiye katika nchi yenye silaha nyingi kiasi hiki yampasa ajue walau namna ya kusimama karibu nazo. Habari ya kama silaha hizo zizidi au zipungue, na ziwe mikononi mwa nani, ni mjadala mkubwa wa wenyeji, nami siuingii hapa. Nazungumza juu ya watu waliokwisha kusimama mstarini, kila mmoja na chombo chake cha kuua, bega kwa bega na mtu asiyemjua.

Neno umma halikutumika bure katika jina la viwanja hivi. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ambayo hata leo hutajwa kwa majina ya Seneta Key Pittman na Mbunge Willis Robertson. Kwa sheria hiyo kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo ni 11 katika mia, hutengwa na kugawiwa majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyama wa mwitu. Baadaye iliongezwa kodi ya bastola, ambayo ni 10 katika mia, na ikaruhusiwa kuwa sehemu ya fedha hizo ifundishe wawindaji na kujenga viwanja vya shabaha. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa ili majimbo yajenge viwanja kwa wepesi zaidi. Kodi hulipwa na mtengenezaji au mwagizaji, naye huitia katika bei; kwa hiyo kila anunuaye sanduku la risasi amenunua pia kipande kidogo cha meza, cha paa na cha tuta la udongo. Uwanja ni wa wote, na hapo ndipo taabu inapoanza, maana kilicho cha wote wengi hukitumia kama kwamba si cha mtu.

Kwa sura uwanja si mahali pa kutisha. Pana paa la bati, na chini yake meza nzito zilizopangwa safu moja. Mbele ya meza pana nyasi, na mwisho wa nyasi, yadi 50 au 100 au zaidi, pana tuta kubwa la kupokea risasi. Nyuma ya meza umepigwa mstari wa rangi kali. Wakati wa uwanjani ni wa namna mbili tu. Wakati wa moto watu hupiga, na hapana avukaye meza kwenda mbele. Wakati wa baridi bunduki zote hulazwa mezani, komeo wazi, magazini nje, na kibendera cha plastiki kimechomekwa mahali pa risasi ili kila jicho lione kuwa hamna kitu. Watu hurudi nyuma ya mstari, na wenye haja huenda mbele kubandika karatasi mpya. Wakati huo hairuhusiwi kugusa bunduki, hata kwa kuipangusa vumbi. Viwanja vingine vina msimamizi ambaye amri yake haijadiliwi. Vingine havina mtu, na hapo waliopo hupatana wenyewe: mmoja huuliza kwa sauti kuu, "Tusimame?" kisha hungoja mpaka kila mmoja ajibu.

Juu ya desturi hizi zote pana kanuni nne ambazo kwa umbo lake la leo hunasibishwa na Jeff Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2006, ambaye mwaka 1976 alifungua shule ya silaha katika jimbo la Arizona. Ya kwanza yasema kuwa kila bunduki ina risasi daima. Ya pili, usiuelekeze mdomo wa bunduki kwenye kitu usichokuwa radhi kukiangamiza. Ya tatu, kidole kisiguse kifyatuo mpaka jicho limekwisha kutua juu ya shabaha. Ya nne, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Mwalimu wa lugha hawezi kuipita kanuni ya kwanza bila ya kusimama, maana kwa maneno yake ni uwongo. Bunduki nyingi duniani saa hii hazina risasi. Walakini kanuni haisemi kuwa bunduki idhaniwe kuwa na risasi; yasema kuwa inayo. Mwenye kuitunga alimjua mwanadamu. Mtu akipewa ruhusa ya kudhani, atajipa ruhusa ya kuhakikisha. Akiisha kuhakikisha mara elfu na kukuta tupu, mara ya elfu na moja hatahakikisha. Uwongo huu umewekwa ili kumkinga mtu na ukweli alioujua jana.

Sasa niseme habari za kero, kwani hapana uwanja usio nazo.

Kero ya kwanza ni mshindo. Mlio wa karibu kila bunduki hupita desibeli 140, kiasi ambacho mara moja tu chaweza kulidhuru sikio lisilokingwa. Ndiyo sababu kila mtu huvaa vizibo vya masikio, na wenye busara huvaa vya ndani na vya nje pamoja. Lakini zipo bunduki zilizofungwa mdomoni kifaa chenye matundu, ambacho hurusha hewa ya baruti pembeni ili zisimpige mwenyewe teke. Mwenye bunduki hustareheka bega, na jirani yake hupigwa kofi la hewa shavuni kwa kila risasi. Muungwana mwenye kifaa hicho huchukua meza ya mwisho, au humwarifu jirani kabla hajaanza. Asiye muungwana huketi katikati.

Kero ya pili ni maganda. Bunduki nyingi za siku hizi hutupa ganda kuliani kwake likiwa la moto. Likiingia ukosini mwa mtu humfanya acheze ngoma asiyoijua, na akicheza naye ana bastola mkononi, kero imezaa hatari. Dawa yake ni ndogo: kusogea hatua moja, au kuweka ubao kati ya meza na meza. Tena maganda ya shaba ni mali, kwa kuwa wajuzi huyajaza upya baruti na risasi. Yupo mtu ambaye huinama kuyaokota ya mwenziwe kabla hayajapoa, bila ya kuuliza. Wizi ni neno kubwa kwa jambo hili, lakini sijapata jina dogo linalolitosha.

Kero ya tatu ni yule ambaye hakuja kulenga ila kumwaga. Hujaza magazini ya risasi 30, hubana kifyatuo mpaka zimekwisha, hutazama kushoto na kulia kuona kama ametazamwa, kisha hujaza tena. Karatasi yake haina alama. Zenye alama ni fremu za mbao zilizonunuliwa kwa kodi ya wote. Ndugu yake ni yule apigaye karatasi ya jirani. Bibi mmoja alipiga risasi tano, akaenda mbele akakuta matundu saba, akasema kwa upole kuwa hajapata kuona bunduki yenye ukarimu kama ile. Mwenye kosa alikuwa ubavuni pake, akaangalia mawingu.

Kero ya nne ni mwalimu asiyeombwa. Mwanamke akisimama mstarini peke yake, hata kama alenga kuliko wote waliopo, haukawii muda kabla hajatokea bwana wa kumweleza namna ya kushika bastola. Mimi kwa lafudhi yangu hupata walimu wa bure kadhalika. Mmoja alinieleza polepole, kwa sauti ya kusemea viziwi, kuwa risasi hutokea mbele. Nilimshukuru. Elimu ni kitu kizuri, lakini mtu anayetia shabaha huwa amekusanya pumzi, jicho na kidole mahali pamoja, na kumsemesha wakati huo ni kama kumgusa kiwiko mwandishi wa hati. Utaratibu wa uungwana ni kungoja aweke silaha chini, kisha kuuliza kama aupenda ushauri, na akikataa, kukubali.

Kero ya tano ni uchafu. Watu huleta chupa, ndoo, hata runinga mbovu, huzipiga mpaka zikawa vigae, halafu hupanda magari yao na kwenda zao. Viwanja vingine visivyo na msimamizi vimefungwa kwa sababu ya taka kama hizo, na waliofungiwa ni wasafi pamoja na wachafu. Juu ya hilo pana uchafu usioonekana. Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka katika mtutu na kwa ile madini nzito iliyo sumu mwilini. Vumbi lake hushika vidole na nguo. Apigaye kisha akala mkate bila ya kunawa amejilisha silaha yake mwenyewe, na ampakataye mtoto kwa nguo zile amemgawia.

Mambo hayo yote huudhi, na watu huyalalamikia sana. Nimeona, walakini, kuwa wengi hulalamikia kero kwa ukali na kuisamehe hatari kwa ukarimu. Mtu huyohuyo ambaye hununa mchana kutwa kwa ganda lililomwangukia hukaa kimya jirani anapogeuka na bastola mkononi kuzungumza na rafiki yake, na mdomo wa bastola ukapita juu ya matumbo ya watu sita. Sababu si ngumu kuiona. Kero hutugusa, na hatari hutupita. Ganda la moto huacha alama. Bunduki iliyoelekezwa kwetu kisha ikaondolewa haiachi kitu, na kwa kuwa haikuacha kitu twasema kuwa halikuwako jambo.

Hapo yafaa kukumbuka hesabu kidogo. Risasi ya bunduki ya kuwindia huenda zaidi ya mita 800 kwa nukta moja inapotoka mdomoni, na sauti huenda karibu mita 340. Aliye yadi 100 mbele hufikiwa na risasi kabla ya mlio. Hapana onyo liwezalo kuitangulia. Onyo lote lazima litolewe kabla, wakati ambapo bado laonekana kuwa la bure, na mwenye kulitoa aonekana mwoga au mchongezi.

Siku moja ya vuli, katika uwanja usio na msimamizi, ilikubaliwa kusimama, nami na watu wengine wawili tukaenda mbele kubandika karatasi. Nilikuwa nimeinama, mgongo wangu umeelekea meza, nikasikia ukelele kwa mbali kupitia vizibo vya masikio. Nilipogeuka nilimwona msichana wa miaka 16 hivi amesimama nyuma ya mstari, mkono umenyoshwa, na mbele yake mzee mwenye mvi akiinuka mezani taratibu. Habari kamili niliipata niliporudi. Mzee yule, mpigaji hodari aliyeheshimiwa na wengi pale, alikuwa ameketi tena kwenye meza yake na kutia jicho katika darubini ya bunduki ili aone karatasi yake ilivyo, ilhali sisi tupo mbele. Wanaume wanne walimwona. Wawili walitazamana. Msichana akapaza sauti, "Bwana, tafadhali ondoka kwenye bunduki!" Mzee akajibu, "Haina risasi." Msichana akasema, "Naam bwana, lakini kuna watu mbele." Mzee aliondoka mezani, uso umemwiva. Tuliporudi alikusanya vitu vyake akaenda zake bila ya kuaga. Baba yake msichana alikuwapo. Hakumwombea mwanawe msamaha, wala hakumsifu mbele ya watu.

Jambo hili lilinikaa moyoni siku nyingi. Katika mtaa niliokulia, msichana wa umri ule kumpigia kelele mtu mzima wa miaka 70 mbele ya kadamnasi angeitwa mkosa adabu, na mamaye angeletewa habari kabla ya adhuhuri. Sisi twafunzwa kumsetiri mkubwa. Akikosea, twangoja faragha; twatafuta mzee mwenziwe amwambie; twalipitisha neno katika fumbo ili alipate mwenyewe na asione haya. Ni adabu nzuri, nami siitupi. Imeziponya nyumba nyingi na fitina. Lakini ina sharti moja ambalo hatukuambiwa: yahitaji muda. Adabu ya kungoja faragha yafaa pale ambapo kosa lenyewe laweza kungoja. Mbele ya mtutu, mafumbo hayafiki, na wale wanaume wanne walionyamaza kwa kumheshimu mzee walikuwa wamemheshimu kwa mali isiyokuwa yao. Walitoa migongo yetu.

Kwa hiyo ni sheria katika viwanja hivi vyote kwamba amri ya kusimamisha moto yaweza kutolewa na mtu yeyote. Mtoto, mgeni, aliyefika leo kwa mara ya kwanza, akisema "Acheni!" wote huacha kwanza na huuliza baadaye. Akiwa amekosea, hachekwi. Nchi hii ina tofauti nyingi za mali, za rangi na za siasa, na tofauti hizo huja uwanjani zimebandikwa juu ya kofia na magari. Lakini neno hilo moja halina mwenye cheo. Sijui mahali pengine pengi ambapo mnyonge amepewa neno la kuwanyamazisha wote, nao wakamtii papo hapo.

Methali yetu yasema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Uwanjani huambiwa, tena kila siku, na anayo macho mawili na darubini juu yake. Methali nyingine yasema kuwa ajali haina kinga. Naielewa kama kauli ya kumfariji aliyefikwa, nayo ni rehema kubwa baada ya jambo kutokea. Walakini mtu akiitumia kabla ya jambo kutokea, amejitayarishia udhuru. Adabu yote ya uwanja imejengwa juu ya kukataa kuitumia mapema. Kibendera cha plastiki, mstari wa rangi, kuulizana "Tusimame?" na kungoja jibu la kila mmoja, vyote hukiri jambo moja: kwamba mtu mwema, mjuzi, mwenye miaka mingi ya ustadi, aweza kusahau leo. Kumwambia mtu huyo si kumtweza. Ni kumtendea kama mwanadamu, naye akikasirika ameonyesha kuwa alijihesabu kuwa kitu kingine.

Hapa ndipo ilipo sehemu ngumu ya adabu hii, ambayo haikuandikwa katika mbao za matangazo. Kusema ni kugumu, lakini kuambiwa ni kugumu zaidi. "Haina risasi" ni jibu la mtu anayejitetea cheo chake, na hata likiwa kweli halijibu lililoulizwa. Jirani yangu mzee alinifundisha jibu jingine siku ya kwanza kabisa, kabla hajanipa bunduki mkononi. Alisema: ukiambiwa kuwa mdomo wa bunduki umepotoka, usieleze, usibishe, usiape, urudishe mahali pake, sema ahsante, uendelee. Nimemwona yeye mwenyewe akiambiwa na kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alirudisha mdomo wa bunduki kwenye tuta, akasema ahsante, akaendelea kulenga. Kijana aliona haya kidogo. Mzee hakuona, na hapana aliyekuwapo aliyeona kuwa heshima yake imepungua.